Hana mdomo, hana tumbo, hasogei: kwa nini sifongo ni mnyama?

Mwalimu wa biolojia wa sekondari mkoani Tanga ameniandikia hivi: "Nilipofundisha uainishaji wa viumbe kidato cha tano, wanafunzi walinibana kuhusu sifongo. Hana mdomo, hana tumbo, hana moyo wala ubongo, na hasogei. Mmoja akasema heri tumweke kundi moja na dodoki, maana vyote viwili tunajisugulia bafuni. Kitabu kinasema ni mnyama lakini hakielezi sababu. Ushahidi wake ni upi? Na je, ni kweli kwamba wanyama wote, binadamu tukiwamo, tumetokana na sifongo?"

Mwalimu, wafikishie wanafunzi wako salamu zangu. Hoja yao ina uzito, na si wao wa kwanza kuitoa. Wasomi wa Ulaya walibishana karne na karne, huyu akisema ni mmea, yule akisema ni kitu kilicho kati ya mmea na mnyama. Ugumu ulitoka mahali pamoja: watu walihesabu viungo alivyokosa, wakasahau kutazama kazi anayofanya.

Dodoki tulimalize kwanza. Lile ni tunda la mmea wa jamii ya matango na maboga. Seli zake zina kuta ngumu za selulosi, na majani ya mmea huo hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Seli za sifongo hazina kuta, na yeye hula kama walavyo wanyama wengine. Kile unachonunua cha kuogea, kama ni sifongo halisi wa baharini na si plastiki ya kiwandani, ni kiunzi kilichobaki baada ya seli zote kuoza na kuoshwa. Kiunzi hicho ni protini iitwayo sponjini, jamaa wa kolajeni inayoshikilia ngozi na kano zetu. Kolajeni yenyewe pia imo mwilini mwake, na mimea haina kolajeni. Zaidi ya hapo, sifongo hutoa mbegu za kiume na mayai, yai hurutubishwa, linakuwa kiinitete, na kiinitete kinakuwa lava, yaani mtoto mchanga mwenye vinyweleo anayeogelea. Kwa hiyo hata hilo la kutosogea si kweli kabisa. Husogea utotoni, kwa saa au siku chache, mpaka apate pa kujishikiza. Akishajishikiza, kwa kawaida makazi yake ni hapo hapo mpaka kufa.

Hayo yangetosha kujibu mtihani, lakini hayaelezi anaishije bila mdomo, na hapo ndipo penye utamu wa habari yake.

Mwaka 1825 daktari wa Uskoti, Robert Edmond Grant, aliweka kipande cha sifongo hai kwenye maji ya bahari akakitazama kwa hadubini. Aliona maji yakitoka kwa nguvu kwenye tundu lake kubwa, yakibeba chembe za taka, wala hayakukoma. Alirudia na sifongo wengine wa pwani ya Edinburgh, na kila mara maji yalikuwa yakiingia kwa matundu madogo ya ubavuni na kutoka kwa tundu kubwa. Ndiye aliyelipa kundi hili jina la Porifera tunalolitumia mpaka leo. Miaka hiyo hiyo alikuwa akitembea ufukweni na mwanafunzi kijana wa udaktari aliyependa viumbe vya bahari, jina lake Charles Darwin. Sioni kuwa ni bahati tupu kwamba mtu aliyekuja kuyafikiria mageuko kwa kina kuliko wote alianza kwa kuwatazama wanyama wa namna hii.

Kinachosukuma maji hayo Grant hakuweza kukiona, hadubini yake haikufika. Ndani ya sifongo, mifereji inayoanzia kwenye matundu ya nje hugawanyika na kugawanyika mpaka kufikia vyumba vidogo vya duara, maelfu kwa maelfu. Kuta za vyumba hivyo zimepangwa seli ziitwazo koanosaiti. Kila koanosaiti ina kijeledi kimoja kinachopiga bila kuchoka, na kukizunguka kijeledi hicho kuna kola ya vinyweleo vyembamba mno vilivyosimama bega kwa bega, vikiacha mianya midogo kuliko bakteria. Kijeledi huvuta maji yapite katikati ya vinyweleo hivyo. Bakteria hunaswa, seli humeza. Maji hupungua mwendo yanapofika humo vyumbani kama mto unaoingia kwenye bonde pana, kwa kuwa vyumba vyote vikijumlishwa nafasi yake ni kubwa kuliko mifereji iliyoyaleta, na huo upole wa maji ndio unaozipa seli wasaa wa kunasa. Yakishakusanyika tena kuelekea tundu la kutokea, yanashika kasi na kurushwa mbali, ili mnyama asinywe tena maji aliyokwisha kuyachuja.

Sasa waambie wanafunzi wako wapige hesabu. Sifongo wengi wa bahari zetu za joto hupitisha kwa siku moja maji ambayo ni maelfu ya mara ya ujazo wa miili yao, na baadhi huondoa zaidi ya asilimia 90 ya bakteria waliomo. Mdomo wa nini, ikiwa kila koanosaiti ni mdomo? Tumbo la nini, ikiwa mmeng'enyo unafanyika ndani ya kila seli, kisha seli nyingine zinazotambaa mwilini, ziitwazo arkeosaiti, zinachukua chakula na kukigawa? Na moyo ungesukuma nini, wakati bahari yenyewe inapita ndani kwa ndani, na hakuna seli iliyo mbali na maji yenye oksijeni?

Arkeosaiti hizo zinastahili neno zaidi. Zinaweza kugeuka kuwa karibu aina yoyote ya seli ambayo mwili unaihitaji. Mwaka 1907 Mmarekani Henry Van Peters Wilson, akifanya kazi Beaufort katika jimbo la North Carolina, alimkamua sifongo kwenye kitambaa cha hariri chenye matundu madogo mpaka mnyama akabaki mawingu ya seli moja moja ndani ya maji. Seli zile zilitambaa, zikakutana, zikashikana, na baada ya siku kadhaa zikajijenga upya kuwa sifongo wenye mifereji na vyumba. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kwamba ukichanganya seli za spishi mbili, mara nyingi kila seli huenda kwa wenzake. Kiumbe kisicho na ubongo kinajua kipi ni chake na kipi si chake. Kwangu mimi hii ni alama kubwa ya kuwa mnyama kuliko kuwa na miguu.

Na hisia anazo. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Aristotle aliandika kwamba inasemekana sifongo hujikaza akihisi mtu anataka kumng'oa, ingawa alitaja kuwa wako waliopinga. Leo tunajua kwamba sifongo wengi hujikaza na kulegea, polepole mno kwa jicho letu. Utafiti wa mwaka 2022 uliofanywa kwa sifongo wa Karibi aitwaye Aplysina archeri ulionyesha kwamba hupiga chafya: hutoa ute wenye taka kupitia matundu yale yale ya kuingizia maji, ute ukienda kinyume cha mkondo, kisha mwili hujikaza na kuurusha. Chafya moja huchukua karibu nusu saa, na samaki wadogo huja kuula ule ute. Sifongo wa kioo wa bahari kuu, ambao kiunzi chao ni miiba ya kioo, wana njia tofauti kabisa. Sehemu kubwa ya miili yao ni utando mmoja usiogawanyika katika seli, na mshtuko wa umeme hupita ndani yake na kusimamisha pampu yote mara moja, bila neva hata moja.

Mwaka 2010 jenomu (yaani seti nzima ya jeni) ya sifongo wa Australia, Amphimedon queenslandica, ilipochapishwa, ilionekana kuwa na jeni nyingi za protini ambazo kwetu hufanya kazi kwenye maungio ya neva. Mwaka 2021 watafiti waliochunguza sifongo wa maji baridi seli kwa seli walipata aina 18 za seli, na mojawapo hukaa ndani ya vyumba vya koanosaiti, ikinyoosha mikono kuzigusa kola kana kwamba inazipa maagizo. Vifaa vilikuwapo, sifongo hakuvitumia kujenga ubongo.

Hili la vifaa linanileta kwenye swali lako la pili, ambalo jibu lake fupi ni hapana, lakini hapana yenye maelezo marefu.

Chukua koanosaiti uiweke kando ya kiumbe mdogo wa seli moja aitwaye koanoflajelati, anayeishi baharini na maziwani. Vinafanana mno: kijeledi kimoja, kola ya vinyweleo, mlo wa bakteria. Mmarekani Henry James-Clark aliliona hilo mwaka 1866, na vipimo vya jeni vya miaka ya karibuni vimethibitisha kwamba koanoflajelati ndio ndugu wa karibu kuliko wote wa wanyama, ingawa wenyewe si wanyama. Ndiyo sababu kwa zaidi ya karne wengi walichora picha rahisi: seli za aina hiyo ziliungana, zikawa kitu kama sifongo, na wengine wote wakafuata.

Lini? Hapa ushahidi unatupeleka Oman. Mwaka 2009 Gordon Love na wenzake walitangaza kwamba katika miamba ya kale ya kusini mwa nchi hiyo, iliyopatikana kwa uchimbaji wa mafuta, walikuta mabaki ya kemikali ya aina ya mafuta ambayo leo hutengenezwa kwa wingi na baadhi ya sifongo. Baadhi ya miamba hiyo ina zaidi ya miaka milioni 635. Habari hiyo ilisisimua watu, nami nikiwemo, lakini baadaye watafiti wengine walionyesha kwamba mafuta ya mwani wa kale, yakipashwa joto ardhini kwa muda mrefu, yanaweza kugeuka kuwa kemikali hiyo hiyo. Mwaka 2021 Elizabeth Turner wa Kanada alieleza maumbo ya nyavu ndani ya miamba ya miaka milioni 890 ambayo huenda ni sifongo. Mimi siwezi kuwafundisha wanafunzi kwamba hayo yamethibitika. Maumbo ya namna hiyo yana njia nyingi za kutokea. Ninachoamini kwa moyo mkunjufu ni visukuku vya miiba ya sifongo, yaani vijiti vigumu vinavyoshikilia miili ya wengi wao, vya kipindi cha Kambriani, miaka zaidi ya milioni 500 iliyopita, na kisukuku cha China kilichotangazwa mwaka 2024, chenye umri wa miaka milioni 550 hivi, ambacho hakina miiba ya madini hata kidogo. Hicho cha mwisho ni muhimu kuliko kinavyoonekana. Kama sifongo wa kwanza hawakuwa na miiba migumu, basi ndiyo maana hatuwaoni miambani. Kilichooza hakikuacha alama.

Na kuna mgombea mwingine wa tawi la kwanza kabisa la ukoo wa wanyama. Nao ni ktenofora, viumbe laini vya baharini vinavyofanana na yavuyavu lakini huogelea kwa safu za vinyweleo. Tangu mwaka 2008 tafiti kadhaa za jeni zimesema wao ndio waliotengana mapema zaidi, na mwaka 2023 utafiti uliolinganisha mpangilio wa jeni kwenye kromosomu uliwaunga mkono. Kambi ya sifongo haijakubali kushindwa, nayo ina hoja nzito. Mwalimu, usiwaambie wanafunzi kwamba jambo hili limekwisha. Waambie kinachogombewa: ktenofora wana neva na misuli. Kama wao ndio waliotangulia kutengana, basi ama neva zilizuka mara mbili katika historia ya uhai, ama mababu wa sifongo walikuwa nazo wakaziacha.

Vyovyote itakavyokuwa, sisi hatukutokana na sifongo yeyote aliyepo leo. Yeye na sisi tuna babu mmoja, na tangu tuachane naye, yeye amesafiri muda ule ule tuliosafiri sisi, wala hakukaa kando akitusubiri. Tazama alikofika. Zimeelezwa spishi zaidi ya 9,000 zilizo hai, nyingi mno za baharini, nyingine za mito na maziwa, Ziwa Tanganyika likiwemo. Msafara wa Wajerumani wa meli Valdivia, mwaka 1898 hadi 1899, ulipata kwenye kina kirefu cha Bahari ya Hindi, upande wa pwani ya Afrika Mashariki, sifongo aliyekuja kuitwa Monorhaphis chuni. Huyu hujenga mwiba mmoja wa kioo unaoweza kufika urefu wa meta 3 na kukaa juu yake. Mwaka 1995 Jean Vacelet na Nicole Boury-Esnault walieleza sifongo wa pango la baharini kusini mwa Ufaransa aliyeacha kabisa kupampu maji. Hana vyumba wala koanosaiti. Hunasa uduvi kwa miiba yenye kulabu, kisha seli zake hutambaa na kumfunika windo mpaka amalizike. Mnyama aliyebaki vile vile tangu mwanzo wa dunia asingefanya hivyo.

Nimeshasema mengi kuhusu asili, lakini kwa ninyi wa Tanga kuna jambo la leo ambalo nisingependa likupite. Maji ya miamba ya matumbawe huwa na virutubisho kidogo, nayo miamba imejaa uhai; fumbo hilo limewashughulisha wanasayansi tangu enzi za Darwin. Sehemu ya jibu ilipatikana Curaçao, kisiwa cha Karibi, katika utafiti wa Jasper de Goeij na wenzake uliotangazwa mwaka 2013. Matumbawe na mwani huvujisha majini kaboni nyingi iliyoyeyuka, ambayo wanyama wengi hawawezi kuila. Sifongo huinyonya. Lakini hawanenepi nayo. Kwa mmoja wao, Halisarca caerulea, koanosaiti hugawanyika kila baada ya saa 5 au 6, na zilizozeeka hutupwa nje kama vumbi laini. Vumbi hilo huliwa na minyoo, kaa wadogo na jamaa za kiti cha pweza, nao huliwa na samaki. Chakula ambacho kingepotelea bahari kuu kinarudishwa mwambani. Kasa aitwaye ng'amba huenda moja kwa moja kwenye chanzo: mlo wake mkuu katika maeneo mengi ni sifongo, pamoja na miiba ya kioo na sumu zilizomo.

Sumu hizo sifongo anazihitaji kwa sababu hawezi kukimbia, na nyingine hutengenezwa na bakteria wanaoishi ndani yake, ambao kwa baadhi ya spishi hufikia hadi asilimia 40 ya ujazo wa mwili. Binadamu ameanza kuzitumia. Miaka ya 1950 Werner Bergmann alieleza kemikali za ajabu kutoka sifongo wa Karibi, na kwa kuzifuata ikapatikana sitarabini, dawa ya saratani ya damu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1969. Dawa nyingine, eribulini ya saratani ya matiti, iliyoidhinishwa mwaka 2010, ilitokana na kemikali ya sifongo wa Japani.

Si kila sifongo ni rafiki wa mwamba. Jamii ya Cliona hutoboa matumbawe na maganda ya chaza, na matumbawe yakishadhoofika kwa joto, sifongo hao huyamaliza haraka zaidi. Lakini hasara kubwa tunaisababisha sisi. Baruti iliyopigwa miaka mingi kwenye miamba ya pwani yetu haikuua samaki na matumbawe tu. Sifongo mkubwa wa umbo la pipa, Xestospongia, hukua taratibu mno. Ndugu yake wa Karibi amekadiriwa kufikisha zaidi ya miaka 2,000. Mtu akimvunja mnyama wa namna hiyo kwa samaki wa siku moja, inaniuma sana. Jambiani, Unguja, wanawake ambao mwani ulianza kuwafia maji yalipozidi joto wameonyesha njia bora: hukata vipande vya sifongo, huvining'iniza kwenye kamba baharini, kila kipande hukua kuwa mnyama kamili, huvunwa na kuuzwa kwa kuogea, na sehemu yake hubaki kuwa mbegu. Kinachofanya kilimo hicho kiwezekane ni zile arkeosaiti za Wilson.

Ukiweza, wapeleke wanafunzi ufukweni maji yakipwa wakati wa bamvua, mtafute sifongo aliyezama kabisa kwenye dimbwi lililotulia. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, utie maji ya bahari yenye rangi ya chakula, uyaachie polepole ubavuni mwake, karibu kabisa na ngozi, kisha mtazame tundu la juu. Rangi ikitoka hapo, wameona alichokiona Grant. Ikiwa haitoki, mpeni muda. Sifongo aliyesumbuliwa huzima pampu. Msimtoe nje ya maji, kwa sababu hewa ikiingia kwenye mifereji yake hunasa humo na mara nyingi sehemu hiyo hufa. Wala mtu asimshike kwa mkono mtupu, hasa wale wekundu na wa rangi ya machungwa, maana wapo wanaowasha ngozi kwa siku kadhaa.